Mapokezi na Mapendekezo ya Filamu za Hali Halisi: Mfano wa Sangara wa Ziwa Viktoria

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hufunzwa mapema kuiuliza riwaya maswali. Nani anasimulia? Anasimama upande gani? Ni jambo lipi limetajwa, na ni lipi limenyamaziwa? Maswali hayo hayo, hata hivyo, huachwa mlangoni pindi watu wanapoketi kutazama filamu ya hali halisi, yaani filamu inayowaonyesha watu halisi katika mazingira yao, pasipo waigizaji wala kisa cha kubuni. Mtazamaji hutoka amehuzunika au ameghadhabika, akamwendea mwenzake na kumwambia, "Lazima uitazame ile filamu, ujionee mambo yalivyo." Mwenzake naye, hata kabla ya kuitazama, huanza kuwasimulia wengine yale aliyoambiwa kwamba yalionekana.

Makala haya yananuia kueleza jinsi maoni na mapendekezo ya namna hiyo yanavyofanya kazi, na kwa nini yanahitaji uangalifu. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba anayependekeza filamu ya hali halisi hubeba dhamana asiyoibeba anayependekeza riwaya. Mhusika wa riwaya hadhuriki kwa maneno ya msomaji. Kitabu kikifungwa, yake yamekwisha. Mhusika wa filamu ya hali halisi huamka kesho yake akaenda sokoni, ziwani au shambani, na yale yaliyosemwa juu yake ugenini huweza kumfikia, kwa heri au kwa shari. Mfano mkuu utakaotumiwa ni filamu ya Darwin's Nightmare, iliyopigwa Mwanza nchini Tanzania, pamoja na mapokezi yake huko Ulaya na hapa Afrika Mashariki. Kisha filamu ya The Letter, ya pwani ya Kenya, itatajwa kwa ajili ya ulinganisho.

Kamera na Pazia Lake

Wahenga walisema macho hayana pazia. Kamera, kinyume na macho, inalo. Mpigapicha huchagua pa kuielekeza, saa ya kuiwasha na saa ya kuizima. Mhariri naye huzipanga picha hizo upya. Ya Ijumaa huweza kutangulia ya Jumanne, na mahali palipokuwa kimya pakatiwa muziki. Haya si makosa, bali ndiyo kazi yenyewe. John Grierson, Mskoti aliyekuwa miongoni mwa walioweka msingi wa utanzu huu katika miaka ya 1920 na 1930, aliufafanua kuwa ni kuushughulikia uhalisi kwa ubunifu. Ufafanuzi huo una nguzo mbili, uhalisi na ubunifu, na anayeikumbuka moja na kuisahau ya pili huwa ameipokea filamu nusu.

Nanook of the North, filamu ya Robert Flaherty ya mwaka 1922, ni mfano wa kale unaotajwa sana. Filamu hiyo inaonyesha maisha ya familia ya Wainuiti kaskazini mwa Kanada. Mhusika mkuu hakuitwa Nanook. Jina lake lilikuwa Allakariallak. Nyumba ya theluji inayoonekana ilijengwa ikaachwa wazi upande mmoja ili mwanga wa kupigia picha uingie. Uwindaji ulionyeshwa kwa zana za jadi ilhali wenyeji walikuwa wamekwisha kuzoea bunduki. Hata hivyo, baridi ilikuwa baridi ya kweli, na ustadi wa kuikata theluji ulikuwa ustadi wa kweli.

Kwa hiyo, kuuliza tu iwapo filamu ni ya kweli au ya uongo hakutoshi. Afadhali kuuliza maswali matatu: ni nini kilichotokea mbele ya kamera, ni nini kilichopangwa na mtengenezaji, na ni nini ambacho mtazamaji ameongeza mwenyewe? Swali la tatu ndilo linalosahauliwa zaidi, nalo ndilo linalohusu mapendekezo moja kwa moja, kwa maana kile kilichoongezwa na mtazamaji ndicho kinachosafiri kwa kasi kuliko filamu yenyewe.

Sangara, Ndege na Mapanki

Darwin's Nightmare, jina ambalo maana yake ni jinamizi la Darwin, ni kazi ya Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria, na ilitolewa mwaka 2004. Kiini chake ni sangara, samaki ambaye katika fuo za Kisumu na Homa Bay huitwa mbuta. Samaki huyu hakuwa wa Ziwa Viktoria tangu asili. Alitiwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amezaana kwa wingi mno. Samaki wadogo wa jamii ya furu, waliokuwa na mamia ya aina ambazo hazikupatikana penginepo duniani, walipungua sana na aina nyingi zikatoweka. Papo hapo sangara alizaa biashara kubwa. Viwanda vilijengwa Mwanza, Kisumu na Jinja, na minofu ikawa inasafirishwa hadi Ulaya.

Filamu inaifuata minofu hiyo kiwandani hadi kwenye ndege kubwa za mizigo zinazoendeshwa na marubani kutoka nchi zilizokuwa za Kisovieti. Pembeni mwa safari hiyo wanaonekana wavuvi, watoto wa mitaani, wanawake wanaofuatana na marubani, na mlinzi wa usiku mwenye upinde na mishale. Aidha, yanaonekana mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara inayobaki baada ya minofu kukatwa, yakianikwa na kukaangwa. Swali linalorudi mara kwa mara ni hili: ndege zinazokuja kuchukua samaki, huja zimebeba nini? Filamu inaelekeza fikira za mtazamaji kwenye silaha zinazopelekwa katika vita vya Afrika.

Hapa ndipo mtazamaji anapopaswa kutulia. Hakuna mahali ambapo filamu inaonyesha sanduku la silaha likishushwa Mwanza. Kilichopo ni maneno ya watu na mpangilio wa picha. Rubani mmoja anakiri kwa uchungu kwamba aliwahi kupeleka vifaru Angola, kisha katika safari ya kurudi akabeba zabibu kutoka Afrika Kusini kwenda Ulaya. Ushahidi wake ni mzito, lakini unahusu safari nyingine, wala si safari ya minofu ya Mwanza. Mtazamaji anayetoka akisema kuwa ameona ndege zikileta silaha Mwanza amechukua dokezo la filamu akaligeuza kuwa tukio. Huenda dokezo likawa na msingi. Lakini kudokezewa si kuona.

Hali kadhalika mlinzi wa usiku. Anasema kwamba vita huwapa watu kazi, kwa kuwa jeshini kuna mshahara. Watazamaji wengi walishtushwa na kauli hiyo. Inafaa kukumbuka kwamba anajibu maswali kwa Kiingereza, lugha ambayo haielekei kuwa yake ya nyumbani, na maswali yenyewe yanatoka kwa mgeni mwenye kamera. Mwanafunzi wa lugha anajua jinsi fikira inavyopungua au kukazika inapolazimishwa kupita katika lugha ya kuazima. Huenda kwa Kiswahili mtu huyo angeyazungushia maneno yake mzaha, masikitiko au kejeli ambayo mgeni hakuipata. Hilo haliifuti kauli yake, ila linamwonya mtazamaji asiharakishe kumhukumu.

Mapokezi Yalivyotokea

Filamu hiyo ilisifiwa sana. Ilipata tuzo barani Ulaya, na mwaka 2006 ikawa miongoni mwa filamu zilizowania tuzo ya Oscar. Nchini Ufaransa, baadhi ya waliotazama hawakuishia kwenye huzuni. Walianza kuwaambia wenzao wasinunue sangara. Nia yao ilikuwa njema, kwa vile hawakutaka kula kwa gharama ya mtu mwenye njaa. Lakini pendekezo la kutazama filamu lilikuwa limegeuka pendekezo la kususia samaki, na hao waliolitoa hawakuwa wakiishi kwa kumvua samaki huyo.

Watu wa ziwani walikuwa wameonja tayari uchungu wa soko kufungwa. Kati ya mwaka 1997 na 2000, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Viktoria kwa vipindi mbalimbali kutokana na hofu ya vijidudu vya salmonela, kipindupindu na mabaki ya sumu ya kuulia wadudu. Soko linapofungwa, viwanda hupunguza kazi na bei ya samaki ufuoni huanguka. Mwenye kiwanda huweza kuwa na akiba ya kuvumilia; mvuvi mwenye deni la nyavu hana. Ndiyo maana wito wa kususia, uliotolewa kwa huruma, ulisikika Mwanza kama tishio.

Nchini Tanzania mapokezi yalikuwa ya hasira. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikosoa filamu hadharani katika hotuba kwa taifa, na maandamano ya kuipinga yakafanyika Mwanza. Mwandishi wa habari wa Kitanzania aliyezungumza katika filamu alitiwa mbaroni, na uraia wake ukatiliwa shaka. Katika tukio hili dhamana inayozungumziwa na makala haya inaonekana wazi. Mwongozaji alikuwa Ulaya na watazamaji walikuwa Ulaya. Aliyebaki kuulizwa juu ya kauli zake ni mtu aliyekuwa na makao yake hapo hapo.

Huko Ufaransa nako mabishano hayakukoma. Mwanahistoria François Garçon aliandika makala na kisha kitabu akiituhumu filamu kwa kupotosha mambo, likiwemo jambo la mapanki, ambayo alidai kuwa hasa ni chakula cha mifugo. Sauper alimshtaki kwa kumharibia jina, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikaamua kwa upande wa Sauper. Hata hivyo, uamuzi juu ya kuharibiana jina haumwondolei mtazamaji kazi ya kuchambua. Mahakama haiwezi kumtazamia mtu filamu.

Mapanki ya Mwanza na Mgongo Wazi wa Kisumu

Mhakiki Mjerumani Hans Robert Jauss, aliyechangia pakubwa nadharia ya upokezi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, alieleza kwamba msomaji huijia kazi akiwa na upeo wa matarajio, yaani jumla ya anayoyajua, aliyoyazoea na anayotazamia kuyakuta. Kazi moja, kwa hiyo, hupokewa kwa namna tofauti pahali tofauti. Suala la mapanki linaithibitisha hoja hiyo vizuri kuliko mifano mingi ya vitabuni.

Kile kinachoitwa mapanki Mwanza, Kisumu huitwa mgongo wazi. Mtu yeyote aliyepita mtaa wa Obunga amewaona wanawake wakikaanga mifupa ya mbuta iliyotoka viwandani, nyama kidogo ikiwa imeshikamana na uti, na wateja wakinunua kwa ajili ya chakula cha jioni. Mtazamaji wa Kisumu haihitaji mahakama ya Paris kumwambia iwapo mifupa ya sangara huliwa na binadamu. Anajua kwamba huliwa. Anajua pia kwamba mingine husagwa ikawa chakula cha kuku. Mambo hayo mawili yaliyowagombanisha wasomi wa Ufaransa, kwake yapo bega kwa bega katika mtaa mmoja.

Zaidi ya hayo, anaona jambo ambalo mtazamaji wa mbali halioni kwa urahisi. Kwa mtazamaji wa Paris, mwanamke anayegeuza mifupa juani ni picha ya njaa na fedheha. Kwa mtazamaji wa Kisumu, mwanamke huyo ni mfanyabiashara pia. Amenunua mali, amelipia usafiri, ana wateja wa kawaida na wa mkopo, na faida yake huenda ikawa karo ya mtoto. Umaskini haukanushwi. Kwamba minofu huondoka na mifupa hubaki ni jambo la kweli na la kuudhi, na filamu imefanya vyema kulitia machoni pa anayekula minofu. Lakini fedheha haikuwa ya mwanamke yule. Mapendekezo mengi ya filamu hii yalimsahau kama mtu mwenye hesabu zake, yakamwacha awe kielelezo tu cha dhiki.

Mtazamaji wa Kisumu naye ana upofu wake. Mazoea humfanya asiulize ni nani aliyeamua kwamba minofu iende na mifupa ibaki. Mgeni aliuliza. Kwa msingi huo, filamu hii inastahili kupendekezwa kwa watu wa ziwani wenyewe, na ipendekezwe kwa maneno yanayowaachia nafasi ya kuijibu.

Barua Kutoka Kilifi

The Letter, filamu ya Maia Lekow na Christopher King, ilitolewa mwaka 2019 na baadaye ikateuliwa kuiwakilisha Kenya katika kuwania Oscar. Inamfuata kijana anayeishi Mombasa ambaye anapata habari kwamba nyanya yake huko kijijini anaitwa mchawi. Anarudi nyumbani kuchunguza, na polepole inafunuka kwamba tuhuma zinatoka ndani ya ukoo wenyewe na kwamba nyuma yake kuna ardhi. Suala hili si dogo. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma kama hizo, na wengine wamelazimika kuyahama makwao.

Tofauti ya kwanza na filamu ya Mwanza ni kwamba wahusika wanasemezana wao kwa wao, kwa Kigiriama na Kiswahili, badala ya kumjibu mgeni kwa lugha yake. Hasira yao, adabu yao mbele ya wazee na ukimya wao mkutanoni vinasikika kama vilivyo. Msikilizaji wa Kiswahili hutambua papo hapo kwamba mganga si mchawi na mpiga ramli si mganga, ilhali anayetegemea tafsiri iliyoandikwa chini ya picha huweza kuwachanganya wote. Anayeipendekeza filamu hii kwa mgeni angefanya hisani kumweleza tofauti hiyo mapema.

Tofauti ya pili ni kwamba nyanya hakufanywa kielelezo. Anaonekana akilima, akizungumza na akitawala nyumba yake. Pamoja na hayo, pendekezo baya laweza kuiharibu hata filamu yenye heshima kama hii. Anayemwambia mwenzake, "Itazame uone Wagiriama wanavyowatenda wazee wao," amekosea mara mbili. Amelibandika kosa la baadhi ya watu juu ya jamii nzima, na amelificha jambo la ardhi ambalo filamu imehangaika kulifichua, jambo ambalo linazikumba familia za Kenya mbali sana na Kilifi. Anayesema, "Itazame uone jinsi mgogoro wa shamba unavyoweza kuvishwa nguo za uchawi," ameitendea haki filamu, jamii na msikilizaji wake.

Namna ya Kutoa Pendekezo

Kutokana na mifano hiyo miwili, mambo manne yanaweza kuzingatiwa na yeyote anayetaka kuzungumza na wenzake juu ya filamu ya hali halisi.

Kwanza, atenganishe alichokiona na alichodokezewa. Inatosha kusema, "Filamu inadai," au "Rubani mmoja anasema," pale ambapo hakuna tukio lililoonyeshwa. Maneno hayo machache huzuia tetesi kuvaa joho la ushahidi.

Pili, ataje nani ameishika kamera na nani anaongea, na kwa lugha gani. Katika Thank You for the Rain ya mwaka 2017, Kisilu Musya, mkulima wa Ukambani, aliirekodi familia yake mwenyewe katika miaka ya ukame na mafuriko, huku Julia Dahr wa Norwei akiongoza filamu kwa jumla. Katika Softie ya mwaka 2020, Sam Soko anamfuata mwanaharakati Boniface Mwangi katika kampeni yake ya ubunge wa Starehe ya mwaka 2017, ndani ya nyumba na barabarani. Ukaribu wa aina hiyo huzaa ukweli ambao mgeni haupati, lakini huweza pia kuzaa upendeleo. Msikilizaji akijua hivyo, ataipima filamu mwenyewe.

Tatu, aeleze sababu ya kumpendekezea mtu huyo hasa. Mwanafunzi wa uandishi wa habari atanufaika na Darwin's Nightmare kama funzo la nguvu na hatari ya mpangilio wa picha. Mwanafunzi wa mazingira ataitazama kwa ajili ya ziwa, akihitaji vitabu vingine juu ya furu. Mtu aliyefiwa juzi, au mzee anayeandamwa na jamaa zake, hafai kushtukiziwa The Letter pasipo kuonywa.

Nne, kabla ya kuwahimiza wengine watende jambo, aulize nani atalipa gharama ya tendo hilo. Kususia, kulaani, kutia saini na kuchanga fedha ni matendo yenye mkondo mrefu. Swali hili halikatazi kutenda. Linamtaka mtazamaji awatafute kwanza waliomo katika filamu, au walio kama wao, na kusikiliza wanataka nini.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba maoni juu ya filamu ya hali halisi ni ushahidi juu ya ushahidi, na kwamba makosa ya shahidi wa pili huweza kumwumiza mtu ambaye hakuwahi kukutana naye. Mbinu za kuyaepuka makosa hayo hazihitaji kuagizwa kutoka mbali. Wanafunzi wa Kiswahili wanazo tayari, kwa kuwa wanazitumia kila wanapouliza nafsi inayosimulia ni ipi na mnyamavu ni nani. Vyama vya wanafunzi vinaweza kuzitumia mbinu hizo kwa kuandaa vikao vya kutazama filamu hizi na kuzijadili kwa Kiswahili, na pale inapowezekana kuwaalika wenye kuyajua maisha yanayoonyeshwa. Kikao cha Darwin's Nightmare mjini Kisumu, kwa mfano, hakitakamilika pasipo mama mmoja wa Obunga anayekaanga mgongo wazi kupewa nafasi ya kusema ameonaje.